Mashine ya Kwanza ya Kukereza: Vidokezo 13 kwa Fundi wa Uani, Ifakara

Ukiishi Ifakara, au popote kwenye bonde la Kilombero, mbao haijawahi kuwa mbali nawe. Kampuni ya Kilombero Valley Teak ilianzishwa mwaka 1992, na misitu yake ya mitiki sasa ni sehemu ya sura ya bonde. Mvule, mninga na mkongo vimo kwenye milango na vitanda tulivyorithi. Hata ule mwembe uliodondoka uani baada ya mvua ya juzi ni mali. Kinachokosekana kwenye vibanda vingi vya nyumbani ni mashine ya kuizungusha hiyo mbao, ili kipande cha mraba kitoke kikiwa mguu wa kitanda, mchi au bakuli.

Nakuhakikishia, mashine ya kukereza haitishi. Kuielewa ni rahisi kuliko cherehani: mota, shafti, kichwa cha nyuma cha kubana mbao, na chuma cha kuegemeza patasi. Basi. Kazi iko kwenye kuchagua, na hapo ndipo hela za watu hupotelea. Msimamo wangu nauweka mezani mapema: kwa mtu wa Ifakara, mashine nzuri ni ile ambayo ikiharibika Jumatatu, fundi wa hapa hapa anaiamsha kabla ya Ijumaa. Twende kazi!

1. Taja kitu utakachouza kabla hujataja mashine

Chukua karatasi, andika vitu vitatu unavyotaka vitoke kwenye mashine yako mwaka huu. Mwaka huu, usiende mbali. Miguu ya vitanda? Michi na vinu vidogo vya kutwangia kitunguu saumu? Miti ya kusukumia chapati? Vinara vya mishumaa kwa parokia na vigango? (Ifakara ni jimbo Katoliki tangu 2012, kwa hiyo wateja wa vinara wapo mlangoni.) Orodha hiyo ndiyo itakayokuchagulia mashine. Mwenye nia ya kutengeneza miti ya chapati hana haja ya dude linalobebwa na watu sita, na mwenye nia ya miguu ya vitanda atajuta akinunua kimashine cha mezani kwa sababu tu kilikuwa kinang'aa dukani.

2. Nenda dukani na futi kamba

Muuzaji atakusifia rangi, waranti na nchi ilikotoka. Wewe toa futi kamba. Vipimo vinavyokuhusu ni viwili.

Cha kwanza ni unene wa kipande kinachoweza kuzunguka bila kugusa kitanda cha mashine, yaani chuma kirefu kinachobeba sehemu zote. Pima kutoka katikati ya shafti kushuka hadi kwenye kitanda, kisha zidisha kwa mbili. Ukipata sentimita 15, mashine inapokea bakuli la sentimita 30, pungufu kidogo kwa sababu mguu wa egemeo la patasi nao unataka kupita chini yake.

Cha pili ni urefu kati ya ncha ya mbele na ncha ya nyuma. Hapa wengi huumia. Mashine nyingi ndogo za mezani hupokea kipande cha sentimita 40 hadi 45. Mguu wa stuli unaingia vizuri. Mguu wa meza ya chakula hauingii, maana meza yenyewe ina kimo cha sentimita 75 hivi. Nguzo ya kichwani mwa kitanda ndiyo kabisa, usiiwaze. Kama orodha yako ya hapo juu ina neno "vitanda", mimi nisingekubali mashine yenye urefu chini ya sentimita 90.

Umeshanunua fupi? Usikate tamaa. Kereza nguzo kwa vipande viwili: kimoja kiachie ulimi wa mviringo mwishoni, kingine kitoboe tundu, unganisha kwa gundi. Fanya kiungo kikae kwenye mfereji wa pambo, na mteja atapitisha vidole pale bila kukihisi.

3. Kaa upande wa mota ambayo mashine ya kukoboa inaijua

Ziko mashine za kisasa zenye kitufe cha kupandisha na kushusha spidi taratibu bila kusimamisha kazi. Tamu kweli kweli! Ila nyuma ya kitufe kile kuna bodi ya vifaa vya umeme, na bodi hiyo haipendi umeme unaocheza. Ikiungua, unaanza safari ya kutafuta bodi ya namna hiyo hiyo, na mashine inageuka rafu ya kuwekea makopo ya rangi.

Mota ya kawaida yenye koili na kapasita, inayozungusha shafti kwa puli na mkanda, ni hadithi nyingine. Tazama mji wetu ulivyo: hili ni bonde la mpunga, na palipo na mpunga pana mashine za kukoboa. Palipo na mashine za kukoboa pana fundi wa kusuka mota, pana duka la mikanda, pana mtu mwenye beringi kwenye kabati la kioo. Huo mtandao wote umejengwa na mchele, nawe unaupata bure. Kwa hiyo uliza dukani: mkanda wake ni wa V wa saizi ya kawaida kama A? Beringi zake zina namba iliyogongwa, mfano 6205, au ni za umbo la peke yake? Mkanda A na beringi 6205 utavitafuta kwa miguu. Vya umbo la peke yake utavitafuta kwa simu, na utasubiri.

Nguvu? Kwa miguu na vyombo vidogo, nusu hosipawa inatosha kuanzia. Kwa mabakuli na vinu, lenga hosipawa moja, ambayo ni kama wati 750.

4. Soma kibati cha mota, kisha piga hesabu ya dakika moja

Kwenye ubavu wa mota kuna kibati. Tafuta mizunguko kwa dakika. Kwa umeme wetu wa Hezi 50, mota nyingi huandikwa karibu na 1,440 au karibu na 2,880. Chagua ya 1,440. Ile ya 2,880 inafaa pampu na grenda. Kwenye mbao kubwa inakurushia kipande.

Sasa puli. Funga puli ya ngazi tatu kwenye mota, yenye inchi 3, 4 na 5, na nyingine kama hiyo kwenye shafti lakini iliyopinduliwa. Mkanda ni ule ule, ila spidi unapata tatu: 864, 1,440 na 2,400. Hizo zinamtosha anayeanza kwa muda mrefu sana.

Utajuaje ipi ni ya kipande kipi? Wakerezaji wana kanuni yao: zidisha kipenyo cha mbao kwa inchi na mizunguko kwa dakika, jibu liangukie kati ya 6,000 na 9,000. Mguu wa inchi 3 unavumilia 2,000 na zaidi. Bakuli la inchi 10 linataka 600 hadi 900. Mbao ikiwa bado na pembe, au gogo halijakaa sawia, shuka hadi nusu ya hapo. Kama mabakuli ndiyo mpango wako, mwambie fundi aongeze puli ya inchi 8 kwenye shafti. Ukiizungusha na ile ya inchi 3 ya mota unapata 540, na gogo bovu linatulia. Andika spidi hizi kwa chaki ukutani, pale pale juu ya mashine.

5. Dukani, mtumba, au ya kuchomelea hapa hapa?

Hili ndilo swali kubwa, kwa hiyo vuta kiti.

Njia ya kwanza ni mpya ya dukani. Kariakoo na Gerezani, Dar es Salaam, utazikuta. Shika mwisho mmoja wa kitanda cha mashine ujaribu kuinyanyua. Ikiinuka kirahisi kama mfuko wa nguo, achana nayo, maana uzito ndio unaotuliza mtikisiko. Kitanda cha chuma cha kumwaga ni bora kuliko cha bati lililokunjwa. Ukishalipa, fikiria safari: Morogoro, Mikumi, Kidatu, hadi Ifakara. Chuma cha kumwaga hakipindi, kinapasuka. Vua kichwa cha nyuma na egemeo, vifunge peke yake kwenye gunia la maranda, na mashine yenyewe isafiri imesimama kwa miguu yake, imefungwa kamba, juu yake pasiwekwe kitu. Mwambie hivyo mpakiaji ukimtazama usoni, kisha umpe cha soda.

Njia ya pili ni mtumba au mashine ya zamani iliyolala kwenye karakana ya shule, misheni au fundi aliyestaafu. Usizidharau. Mashine nzito ya miaka ya nyuma, yenye kutu ya juu juu tu, unaweza kuiamsha kwa beringi mpya, mkanda mpya na siku mbili za kusugua kwa msasa na mafuta ya taa. Kutu ni kazi ya mikono. Ufa kwenye chuma cha kumwaga ni msiba. Pitisha tochi kila kona, hasa pale boliti zinapoingia.

Njia ya tatu ndiyo niipendayo kwa mtu wa miguu ya vitanda: ichomelewe hapa hapa. Urefu ndio kitu ghali kwenye mashine ya dukani, lakini kwenye chaneli ya chuma, kuongeza nusu mita ni hela kidogo sana. Na bonde hili si geni kwenye mambo ya chuma: Mang'ula palikuwa na karakana kubwa wakati reli ya TAZARA inajengwa, kati ya 1970 na 1975. Mpe fundi mchoro huu: chaneli mbili za urefu wa mita moja na nusu, zilale sambamba, zikiacha nafasi katikati ili kichwa cha nyuma kiteleze. Shafti ya milimita 25 ikae kwenye beringi mbili zenye nyumba zake, namba UCP205. Ukitaka mabakuli, panda hadi milimita 30 na UCP206. Shafti usikubali nondo ya kuokota; ipeleke kwa mkerezaji wa vyuma iwe imenyooka na ncha yake imepigwa meno.

Na hapa kuna ujanja unaookoa kazi nzima. Chuma kikichomelewa hukunjika kwa joto. Kwa hiyo mwambie fundi achomelee fremu kwanza, ipoe kabisa, ndipo nyumba za beringi zifungwe kwa boliti. Zisichomelewe. Boliti unazilegeza, unaweka kipande cha bati chini, unanyoosha. Ukichomelea, kosa linabaki milele. Ukikwama kwenye ubunifu, SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa 1973, lina ofisi Morogoro mjini. Shida za mtu mwenye karakana ya uani ndizo kazi yao.

6. Ijaribu kwa mikono, masikio na sarafu

Kabla hela haijatoka mfukoni, fanya majaribio haya manne. Yote hayamalizi robo saa.

Sogeza kichwa cha nyuma hadi ncha yake ikutane na ncha ya mbele. Zinapaswa kubusiana kabisa. Zikipishana kwa upana wa kiberiti na hakuna namna ya kurekebisha, rudi nyumbani na hela yako.

Shika shafti uitikise juu-chini, mbele-nyuma. Isicheze. Kisha washa, weka ncha ya bisibisi kwenye nyumba ya beringi na mpini wake karibu na sikio. Mvumo laini ni sawa. Mlio wa mchanga maana yake beringi zimekwisha. Beringi unabadilisha, ila bei nayo ishuke.

Bana kichwa cha nyuma, ukisukume kwa kiganja chote. Kikiteleza leo, kitateleza mbao ikiwa inazunguka.

La mwisho ndilo burudani: mashine ikizunguka, simamisha sarafu ya shilingi 200 kwa ukingo wake juu ya kitanda. Ikisimama bila kuanguka, tabasamu. Ikianguka kila mara, muulize muuzaji kwa nini inatetemeka, usikilize jibu kwa makini.

7. Uliza meno

Ncha ya shafti ina meno ya kufungia vifaa, kama sahani ya bakuli na taya za kushikia. Meno hayafanani. Mengi ya kutoka Ulaya na baadhi ya China ni M33 × 3.5, ya vipimo vya Marekani mara nyingi ni inchi 1 na meno 8 kwa inchi. Tundu la ncha nalo lina namba: Morse 1 au Morse 2. Chagua Morse 2 ukiweza, kwani vifaa vyake ni vingi. Andika namba hizi kwenye simu yako siku ile ile ya kununua. Siku utakapomtuma mtu Dar akuletee taya, hutakuwa na haja ya kupiga picha za giza ukiwa umelala chini ya mashine.

8. Usimalize hela yote kwenye mashine

Gawa bajeti mafungu matatu. Mawili yaende kwenye mashine, moja libaki kwa patasi na kunoa. Ndiyo, fungu zima! Mashine ya wastani yenye patasi kali inazaa kazi nzuri. Mashine ya kifahari yenye patasi butu inazaa hasira na mbao zilizochanika.

Huhitaji seti ya patasi kumi na mbili zilizopangwa kwenye sanduku la kifahari. Tano zinatosha: pana yenye mfereji ya kuondolea pembe, nyembamba yenye mfereji ya kuchonga mabonde, ya kukatia, ya mshazari ya kulainishia, na kikwaruzo cha mviringo. Tafuta zilizoandikwa HSS. Chuma hicho kinavumilia joto la grenda bila kupoteza ukali. Ile pana usiingize kamwe ndani ya bakuli, shingo yake ni nyembamba na huvunjika.

Na tafadhali, usikubali patasi iliyotengenezwa kwa tupa ya zamani. Tupa ni ngumu lakini inakatika ghafla, tena karibu na uso wako. Ukitaka za kienyeji, mpelekee mhunzi jani la springi ya gari kutoka kwa wauza vyuma chakavu. Springi inapinda kabla ya kuvunjika.

Kuhusu kunoa: grenda ya mezani ya inchi 6 au 8, basi. Mtiki una silika ndani yake, kitu kile kile kilichomo kwenye mchanga, na unakula makali haraka. Mvule wakati mwingine huficha jiwe jeupe katikati ya mbao. Ukisikia patasi imelia ting, simamisha. Nawe kwenye mtiki zoea kunoa kidogo kidogo kila baada ya dakika chache. Ukiona unga unatoka badala ya maranda marefu yanayojikunja, umeshachelewa.

9. Umeme: ufanyie kipimo jioni

Bonde letu ni la umeme. Kidatu ilianza kuzalisha mwaka 1975 na uwezo wake ni megawati 204; Kihansi ikafuata mwaka 2000 kwa megawati 180. Lakini kuwa karibu na mitambo hakukupi volti kamili kwenye soketi ya kibanda chako. Azima multimita, pima saa moja jioni nyumba zote zimewasha, mota yako ikiwa inaanza kuzunguka. Namba inapaswa kukaa karibu na 230. Ikidondoka sana, mota inaguna, inapata moto, kapasita inakufa.

Mara nyingi mkosaji si TANESCO, ni ile waya nyembamba ndefu iliyovutwa kutoka sebuleni. Mwite fundi umeme alaze waya wa milimita 2.5, wenye swichi yake na waya wa ardhi. Swichi iwe mahali ambapo unaifikia bila kupitisha mkono juu ya mbao inayozunguka.

Unahofia LUKU? Mota ya wati 750 ikifanya kazi kwa nguvu zote saa nzima inakula uniti moja hivi, na kwa ukerezaji wa kawaida inapungua hapo kwa sababu muda mwingi unapima, unanoa na unapiga msasa.

10. Inyanyue, ipe uzito

Urefu sahihi ni huu: shafti iwe usawa wa kiwiko chako ukiwa umesimama. Chini ya hapo mgongo utakushitaki kwa wiki moja.

Mota iwekwe juu, nyuma ya shafti. Usiitundike chini karibu na sakafu. Wakazi wa mitaa ya karibu na mto Lumemo hawahitaji maelezo zaidi. Maji yakiingia kibandani, mota ya chini ndiyo ya kwanza kunywa. Kwa uzito, pandisha mifuko miwili mitatu ya mchanga kwenye rafu ya chini ya meza. Mchanga ukilowa unakauka, na mtetemo unapungua siku hiyo hiyo.

Unyevu wa masika utaleta kutu kwenye kitanda. Kila ukimaliza kazi, fagia maranda yote (yananyonya unyevu na kuulaza juu ya chuma), kisha pangusa kwa kitambaa chenye nta ya nyuki. Nta ni nzuri kuliko oili ya gari: haiachi doa kwenye mbao, na kichwa cha nyuma kinateleza vizuri zaidi.

11. Uso kwanza

Ngao ya uso inanunuliwa siku moja na mashine. Miwani peke yake haitoshi, kipande cha mbao hakichagui jicho. Glavu vua. Mikono mirefu kunja juu ya kiwiko. Dada zangu mnaokereza, na mko wengi kuliko watu wanavyodhani, khanga iachwe kwenye msumari na nywele ziingie kwenye kofia. Kabla ya kuwasha, zungusha mbao kwa mkono mzunguko mmoja mzima uone haigusi kitu, kisha simama pembeni yake ndipo ubonyeze swichi.

Vaa barakoa, na vumbi la mvule lipe heshima ya pekee: linawasha ngozi na linabana kifua, na kuna mafundi ambao miili yao imelikataa kabisa. Madirisha wazi, watoto nje.

12. Tafuta mbao yenye karatasi na yenye ukavu

Mbao ya mazoezi iko bure: matawi ya mwembe, mfenesi, mchungwa. Mwembe mbichi unakerezeka kwa raha, maranda yanaruka kama utepe, na ndani yake mara nyingi kuna michirizi myeusi inayopendeza mno. Angalia tu utomvu wake, kwa watu wengine unawasha.

Mbao ya biashara nunua mahali wanapokupa risiti, na ukisafirisha hakikisha una kibali cha kusafirishia mazao ya misitu kutoka TFS, wakala wa huduma za misitu. Makombo ya mtiki kutoka kwa wapasuaji ni hazina ya mkerezaji, maana kipande kinachotupwa na fundi wa milango ni mguu wa stuli kwako. Kuhusu Udzungwa, ile ni Hifadhi ya Taifa tangu 1992. Gogo la huko usilipokee hata likiletwa usiku kwa bei ya zawadi.

Bakuli lisipasuke ufanyeje? Likereze likiwa bichi, uache ukuta mnene kiasi cha sehemu moja ya kumi ya kipenyo chake. Bakuli la inchi 10, ukuta wa inchi 1. Lifukie kwenye gunia la maranda yake mwenyewe, mahali pasipo jua. Kila wiki lipeleke kwenye mzani wa jirani muuza mchele, andika uzito kwa penseli kitakoni. Wiki tatu mfululizo uzito usiposhuka, limekauka. Lirudishe mashineni ulimalize. Inaweza kuchukua miezi. Ndiyo maana unaanza na matano kwa mpigo, yakipishana.

13. Kazi tatu za mwanzo, kwa mpangilio huu

Anza na mipini ya patasi zako mwenyewe. Ukiharibu, hakuna mteja wa kulalamika, na mpini unaokaa vizuri kiganjani mwako utaushika kila siku.

Kisha miti ya kusukumia chapati. Ni silinda tu, lakini silinda iliyonyooka kutoka mwanzo hadi mwisho inafundisha mkono kuliko pambo lolote. Iweke juu ya kioo cha dirisha, mulika tochi kwa nyuma. Mwanga ukipenya katikati, rudi mashineni. Ikipita hapo, soko lipo kuanzia kwa mama lishe hadi kwa shangazi yako.

Halafu ndipo miguu minne inayofanana, mtihani wenyewe. Siri iko kwenye ubao mwembamba wa kipimo: chora mguu wako kwa urefu wake kamili, na kwenye kila bonde na kila nundu pigilia msumari mdogo, ncha ikitokeza kidogo ukingoni. Mbao ikiwa imeshakuwa ya mviringo na inazunguka polepole, egemeza ubao kwenye egemeo la patasi uguse kidogo. Misumari inachora mistari yote kwa mara moja, mahali pale pale kwenye kila mguu. Kata kwanza mabonde hadi unene ulioandika, pima kwa kalipa, ndipo uunganishe maumbo. Kereza mitano hata kama oda ni ya minne. Mpe mteja minne inayofanana zaidi, na wa tano uandike tarehe, jina la mteja na aina ya mbao, uutundike pamoja na ubao wake. Mwakani akirudi kutaka kitanda cha mtoto chenye miguu ile ile, utakuwa umeshamaliza nusu ya kazi.